Ganzi Mdomoni, Hamu ya Chumvi: Kusaka Hitilafu ya Tezi Nne za Shingoni na Mbili za Juu ya Figo

Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, Kigoma, aliletwa kituoni kwetu na mwanawe baada ya kutibiwa malaria mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara mbili kati ya hizo kipimo hakikuonyesha kitu. Malaria ilipogoma akaambiwa ana taifodi, na taifodi ilipogoma ikawa vidonda vya tumbo. Kijana ndiye aliyetaja, huku akicheka kidogo, kwamba mama siku hizi analamba chumvi. Anaichota kwenye kopo, ile ya Uvinza, na kuimumunya kama mtoto aliyepewa sukari guru.

"Umeanza lini, mama?"

"Tangu Pasaka, daktari. Mwili unaitaka tu."

Nitarudi kwake. Mwongozo huu nimewaandikia matabibu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na ndugu wa wagonjwa waliochoka kuzungushwa. Magonjwa ya tezi za parathairoidi na adrenali huazima sura za watu: leo malaria, kesho kifafa, keshokutwa mapepo au presha. Mengi yao hukamatwa kwa maswali matatu kabla damu haijatolewa. Shingo imewahi kupasuliwa? Umetumia dawa gani za kujinunulia, za kumeza na za kupaka? Umewahi kuugua kifua kikuu, wewe au mtu wa nyumbani mwako?

Tezi zenyewe, kwa ufupi

Parathairoidi kwa kawaida ni nne, zimebandikwa nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba tunasema mtu ana rovu. Kila moja ni kama punje ya mchele, uzito wake miligramu 30 hadi 50. Aliyezieleza kwa binadamu ni Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala nchini Uswidi, mwaka 1880. Kazi ya tezi hizi ni kuilinda kalsiamu ya damu isitoke kwenye kiwango chake, takriban 2.1 hadi 2.6 mmol kwa lita. Ikishuka, tezi hutoa homoni iitwayo PTH. Homoni hii huchota kalsiamu mifupani, huizuia figo isiimwage kwenye mkojo, huifanya figo imwage fosfati, na huiamuru figo hiyohiyo iamshe vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu ya chakula. Shika hilo la mwisho, tutalihitaji tukifika kwenye dagaa.

Adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, gramu 4 hadi 5. Ya kulia ina umbo la pembetatu, ya kushoto kama mwezi mwandamo. Ganda lake lina matabaka matatu: la nje hutoa aldosteroni inayobakiza chumvi na kutoa potasiamu, la kati hutoa kotisoli inayompa mtu nguvu ya kustahimili ugonjwa na njaa, la ndani hutoa homoni zinazofanana na za kiume. Katikati kabisa kuna kiini kinachotoa adrenalini na noradrenalini. Kotisoli hupanda alfajiri na hushuka kabisa usiku wa manane, kwa hiyo damu ya kuipima hutolewa karibu na saa mbili asubuhi. Iliyotolewa jioni itakudanganya.

Midomo inakufa ganzi, vidole vinajikunja

Mgonjwa anasema sisimizi wanatembea kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole. Kisha misuli ya mikono inakaza, kidole gumba kinaingia kiganjani, vidole vingine vinanyooka pamoja. Akizidiwa anapata degedege, au koo linabana na kupiga kelele anapovuta pumzi. Hii ni kalsiamu iliyoshuka hadi ithibitike vinginevyo.

Anza kwa kutazama shingo, na utazame kweli. Kovu la upasuaji wa rovu ni mstari mwembamba juu kidogo ya kidari; shanga na mtandio huuficha. Tezi hizi zikiondoka pamoja na rovu, au mishipa yake ya damu ikikatwa, kalsiamu huanza kushuka kati ya siku ya kwanza na ya nne. Siku hizo pengine mgonjwa ameshapanda basi kurudi Kasulu. Kwa wengi tezi huzinduka baada ya wiki kadhaa. Zikikaa kimya kupita miezi 6 hadi 12, upungufu huo ni wa kudumu. Nimewahi kumwona dada aliyemeza dawa za kifafa mwaka mzima, na waganga wawili walikuwa wameshamtoa majini, kovu likiwa palepale shingoni na hakuna aliyemuuliza.

Vipimo viwili havihitaji maabara. Gonga kwa kidole mbele ya sikio, mahali mshipa wa fahamu wa uso unapopita: pembe ya mdomo ikiruka, hiyo ni dalili ya Chvostek. Usiitegemee peke yake, baadhi ya watu wenye afya nao huruka. Ya Trousseau ina uzito zaidi: funga mashine ya presha mkononi, ijaze hadi 20 juu ya presha ya juu ya mgonjwa, subiri dakika tatu. Mkono ukijikunja kama nilivyoeleza, umepata jibu.

Shingo ikiwa haina kovu, uliza kuhusu figo, maana figo mbovu haziamshi vitamini D. Uliza pombe, kuharisha kwa muda mrefu, na omeprazoli ya miaka. Hivi vitatu huondoa magneziamu, na bila magneziamu tezi haitoi PTH hata ikiwa nzima. Ukimpa mtu kalsiamu siku mbili na haipandi, acha kuongeza dozi, tafuta magneziamu. Halafu kuna binti aliyetoka msibani anahema harakaharaka: kuhema huko hubadilisha asidi ya damu, kalsiamu iliyo huru hupungua, na vidole hujikunja vilevile. Huyu tuliza pumzi kwanza. Ila usiwe mwepesi wa kusema "ni mawazo tu" kabla hujatazama shingo.

Matibabu ya dharura ni kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 20 mshipani, polepole kwa dakika 10, mkono wako ukiwa kwenye mapigo ya mgonjwa. Ukiikimbiza, moyo unaweza kusimama. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Usiipitishe kwenye mrija mmoja na seftriaksoni, na kwa kichanga usivikutanishe kabisa.

Sasa dagaa. Ndugu huniuliza: kwa nini ameze vidonge wakati hapa kwetu dagaa wanaliwa na miiba yake, kalsiamu tele? Swali zuri. Kalsiamu ya dagaa ipo kweli, na endeleeni kula. Lakini asiye na PTH figo zake haziamshi vitamini D, na utumbo usioamrishwa na vitamini hiyo huiacha kalsiamu ipite. Ndiyo maana anapewa kalsiamu pamoja na alfakalsidoli au kalsitrioli, vitamini D ambayo haihitaji tena kuamshwa na PTH. Ile ya kawaida ya dukani kwake ni kama kuni mbichi.

Kabla hujaiamini karatasi ya maabara

Damu ikimwagwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau kwenda chupa ya madini, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo itaila kalsiamu na kuongeza potasiamu. Unapata kalsiamu ya kutisha chini na potasiamu ya kutisha juu kwa mtu anayekunywa chai. Mpira ukifungwa mkononi muda mrefu, kalsiamu hupanda kwa uongo. Na kwa mgonjwa aliyekonda mwenye albumini (protini ya damu) ndogo, ongeza 0.02 kwenye kalsiamu kwa kila gramu 1 ya albumini iliyopungua chini ya 40 kwa lita. Wengi "wenye kalsiamu ndogo" hupona hapohapo kwenye kikokotoo.

Mawe ya figo yanajirudia, mifupa inauma, choo kigumu, akili imepoa

Kalsiamu iliyozidi huja taratibu. Kiu, mkojo mwingi (sukari ikipimwa ni salama), choo kigumu, kichefuchefu, mzee aliyekuwa mcheshi anakaa kimya kibarazani. Hakuna anayeishuku.

Anza na dawa za presha. Vidonge vya kukojoza vya jamii ya thayazidi, kama bendrofluazidi, hubakiza kalsiamu. Visimamishe, badili dawa, pima tena. Kisha fikiria kifua kikuu: vinundu vyake vinaweza kuiamsha vitamini D vyenyewe bila kuisubiri figo. Saratani nayo hufanya hivi, na mara nyingi kwa kasi. Zote hizo zikiondoka, kinachobaki ni tezi ya parathairoidi iliyovimba, mara nyingi moja tu kati ya nne. PTH huamua: kalsiamu ikiwa juu tezi nzima hunyamaza, kwa hiyo PTH iliyo juu, au hata ya "kawaida", inaishitaki tezi. Pasipo na kipimo cha PTH, fosfati ya chini inaelekeza hukohuko.

Dawa yake ni kisu. Felix Mandl wa Vienna alifanikiwa mwaka 1925 kwa kumtoa kondakta wa tramu tezi iliyovimba. Kapteni Charles Martell, baharia wa Marekani, alipasuliwa mara saba. Tezi ilipatikana mwaka 1932, ikiwa kifuani. Sababu iko tumboni mwa mama: tezi mbili za chini huumbika pamoja na tezi ya thimasi na kushuka nayo, na mara nyingine hupitiliza kituo chake kama abiria aliyelala kwenye treni ya Tabora. Kwa hiyo daktari wa upasuaji akisema hakuiona shingoni, hajasema haipo.

Uchovu, kizunguzungu cha kusimama, kutapika, hamu ya chumvi

Hapa ndipo watu wanapokufa, kwa hiyo tukae.

Mgonjwa amekonda miezi kadhaa. Hana hamu ya chakula, tumbo linamuuma bila mpangilio, akisimama giza linamjia. Kisha anapata homa ndogo tu, malaria ya kweli au kuharisha, na anaanguka kwa namna ambayo haifanani na ukubwa wa ugonjwa. Huo usawa uliopotea ndio wa kukushtua: homa ndogo, mgonjwa mahututi.

Mlaze dakika tano, pima presha. Msimamishe, pima tena dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka 20 au zaidi kwa namba ya juu, andika. Pima sukari, huweza kuwa chini. Halafu tafuta weusi mpya. Sisi ni weusi tangu kuzaliwa na ndiyo maana dalili hii hutupita. Usimtazame usoni, tazama mikunjo ya viganja, fizi, ulimi, ndani ya mashavu, na makovu ya karibuni. Mama wa Kibirizi mistari ya viganja vyake ilikuwa kama imechorwa kwa kalamu ya wino, na fizi zina mabaka ya bluu. Mwanawe alidhani ni moshi wa kukaushia samaki.

Kuhusu chumvi, tusichanganye. Mjamzito anayekula udongo mara nyingi anatueleza habari za damu, mpime hemoglobini. Anayelamba chumvi ana mwili unaoimwaga chumvi kwa sababu aldosteroni haipo. Damu yake itaonyesha sodiamu chini na potasiamu juu.

Ugonjwa huu una jina la Thomas Addison wa London, aliyeueleza mwaka 1855, na tangu siku zake kifua kikuu kimekuwa mshtakiwa mkubwa. Bakteria hufika kwenye adrenali kupitia damu na kuzila pole pole. Dalili hujitokeza sehemu kubwa ya tezi zote mbili ikiwa imeshaharibika. Mahali ambapo kifua kikuu bado kipo, kama kwetu, kiulizwe kwanza. Maambukizi nyemelezi kwa mwenye VVU pia huziharibu. Nchi zenye kifua kikuu kidogo, kinga ya mwili yenyewe ndiyo huzishambulia.

Kadi ya TB ya mama ilikuwa kwenye mkoba wake, alianzishiwa dawa wiki tatu nyuma kituo kingine. Ndugu walikuwa wameamua dawa ni kali na walitaka aziache. Kwa nusu walikuwa sahihi. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja kotisoli. Mwenye tezi nzima huongeza utengenezaji na hajui kama kuna kilichotokea. Mwenye tezi zilizoliwa hana cha kuongeza, na kile kidogo alichokuwa akijikongojea nacho kinateketea. Kwa hiyo mgonjwa wa TB anayezidiwa wiki za mwanzo za dawa, anatapika, presha chini: fikiria ini, ndiyo, lakini fikiria na adrenali. Dawa za TB haziachwi. Kinachoongezwa ni kotisoli, na akiwa kwenye rifampisini dozi huhitaji kuwa mara mbili hata tatu.

Akiwa mahututi usisubiri majibu. Toa damu ya kotisoli na madini kama unaweza, kisha palepale haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) miligramu 100 mshipani, au kwenye msuli mshipa ukikataa. Dripu ya saline lita 1 ndani ya saa ya kwanza, na dekstrosi kama sukari iko chini. Endelea na miligramu 50 kila saa sita. Haidrokotisoni ikikosekana, deksamethazoni miligramu 4 itasukuma hadi ipatikane. Dozi moja kwa asiyeihitaji haina madhara ya kutisha. Kumnyima anayeihitaji ni kumzika. Malaria ikiwepo, tibu pia. Zinakuja pamoja.

Akitulia, anahitaji kotisoli ya kila siku maishani: haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa mafungu, asubuhi nyingi kuliko jioni, au prednisoloni miligramu 3 hadi 5, na fludrokotisoni kwa ajili ya chumvi. Siku ya homa dozi inaongezwa mara mbili. Akitapika vidonge, achomwe sindano. Mvuvi anayelala ziwani usiku kucha awe na mtu mmoja ndani ya mtumbwi anayejua hilo.

Uso wa duara, tumbo kubwa, miguu myembamba. Au mtu aliyeacha dawa akaanguka

Kotisoli ikizidi, uso hujaa, shingo kwa nyuma hufanya nundu, ngozi huwa laini kama karatasi, michirizi mipana ya zambarau hutokea tumboni, sukari na presha hupanda. Daktari Harvey Cushing aliuhusisha ugonjwa huu na uvimbe wa pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, mwaka 1932. Uvimbe wa namna hiyo upo, lakini katika miaka yangu yote hapa sababu imekuwa ile ya swali la pili: dawa, zile za jamii ya kotisoli ziitwazo steroidi.

Prednisoloni ya pumu inayonunuliwa bila cheti duka la dawa muhimu. Deksamethazoni ya "kunenepa". Unga wa baridi yabisi usio na jina unaotuliza magoti siku ileile, jambo ambalo mizizi mitupu hailifanyi. Na mkorogo. Dada zangu hunikasirikia nikifika hapa, lakini krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali kuliko zote za kupaka, na inapakwa mwili mzima kila siku. Inaingia. Ubongo ukiona kotisoli ya bure imejaa, huacha kuziamuru adrenali, na adrenali zisizoamrishwa husinyaa.

Hapo ndipo hatari ya pili. Mtu akiacha ghafla, labda pesa imeisha au mume amegombeza, anabaki bila kotisoli ya nje wala ya ndani. Anaanguka kama mgonjwa wa Addison, ila viganja havijawa vyeusi na potasiamu ni ya kawaida, kwa kuwa aldosteroni haitegemei amri ile. Aliyetumia steroidi zaidi ya wiki tatu au nne hashushwi kwa siku moja. Na ukimuuliza kuhusu mkorogo, mtoe kwanza mama mkwe chumbani.

Presha isiyoshuka, na presha ya vishindo

Haya hayana mengi. Presha iliyogoma dawa tatu, na potasiamu iko chini: fikiria aldosteroni iliyozidi, ugonjwa alioueleza Jerome Conn mwaka 1955. Si nadra kama tulivyofundishwa. Ondoa kwanza vidonge vya kukojoza, navyo hushusha potasiamu. Spironolaktoni huwafaa sana hawa.

Vishindo ni vingine: kichwa kinapasuka, jasho linamwagika, moyo unakimbia, dakika chache au nusu saa, kisha kimya. Presha hupanda wakati huo. Ndugu wamekwisha kusema ni jini. Ni uvimbe wa kiini cha adrenali, wa nadra, lakini ukikosea unaua: usianze na propranololi, kwani ukifunga mlango wa moyo huku mishipa ikiendelea kubanwa, presha hupaa. Dawa za kulegeza mishipa, kama doksazosini au prazosini, hutangulia. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika nayo huweza kuamsha kishindo.

Kichanga anayetapika wiki ya pili

Mtoto aliyezaliwa vizuri, siku ya 7 hadi ya 21 anatapika, anapungua uzito, analegea. Tunakimbilia maambukizi ya damu, na ni sawa kumtibu hivyo. Lakini fungua nepi. Kama wakunga walisita kusema ni wa kike au wa kiume, au kama kuna mtoto wa kwanza aliyekufa hivihivi, huenda adrenali zake zimezaliwa bila kimeng'enya cha kutengeneza kotisoli. Mvulana huonekana wa kawaida, ndiyo maana wavulana ndio wanaotuponyoka. Haidrokotisoni miligramu 25, saline, sukari, na rufaa.

Unapomwandikia mgonjwa yeyote kati ya hawa barua ya kwenda hospitali ya Maweni, Kitete au Bugando, andika saa damu ilipotolewa, presha ya kulala na ya kusimama, kila dawa ya kumeza na ya kupaka kwa jina au kwa rangi ya kopo lake, na kama umeshampa haidrokotisoni, andika saa uliyompa, maana kotisoli itakayopimwa baada ya hapo itakuwa ni ya kwako, si ya kwake.